Baiskeli ya Kulala
Sehemu ya Saba: Mgonjwa wa Kiseke

Kitanda! Jumamosi iliyopita tulikiacha katikati ya barabara ya Kiseke, kitanda cha kamba, kitupu, kimezungukwa na wanaume kumi na wawili waliovua mashati. Na Ngosha alikuwa anawateremkia kutoka mlimani, amelala chali, miguu mbele, breki moja tu ndiyo inayoshika.

Paskazia, mkewe, alikuwa juu ya jiwe lake na kibuyu cha maji mkononi. Alifumba macho.

Hakusikia kishindo. Alisikia sauti za watu wakisema, "Pole, baba. Pole sana. Taratibu jamani, mshikeni kichwa."

Akafumbua macho. Wanaume wale walikuwa wamemdaka mumewe hewani, yeye na baiskeli yake pamoja, wakamweka juu ya kitanda kwa uangalifu kama mama anavyomlaza mtoto aliyesinzia.

"Mimi mzima!" Ngosha alipiga kelele.

"Ndiyo, baba," alijibu mzee Shimba, mkubwa wa wabebaji. "Wote husema hivyo."

"Niacheni! Niko kwenye mashindano!"

Mzee Shimba akawageukia wenzake, akatikisa kichwa kwa huruma. "Homa imeshapanda kichwani."

Kwa yule ambaye wiki iliyopita gazeti lake lilifungiwa dagaa kabla hajalisoma, mambo ni haya. Ngosha ni fundi wa baiskeli katika duka la Noorali, pale Mirongo. Miaka mitatu iliyopita robota la pamba lilimwangukia gatini likamuumiza mgongo. Akapona, lakini kwenye tandiko la kawaida hawezi kukaa hata mwendo wa kutoka dukani hadi sokoni. Siku moja Noorali akaona picha katika gazeti la Ulaya lililofungiwa taa mpya: Mfaransa amelala chali juu ya baiskeli, anakanyaga pedeli kwa mbele. Noorali alicheka mpaka machozi. Kisha akafuta macho, akamtazama fundi wake.

"Fundi," alisema, "huyu amelala na anakwenda. Wewe pia utalala, utakwenda."

Wakaiunda kwa mabomba ya baiskeli tatu zilizokufa. Kiti chake wakakisuka kwa kamba ya katani, kama kitanda. Tangu hapo Ngosha huzunguka vijiji vya kusini mwa mji akitengeneza baiskeli za watu, na kila Jumamosi ya mashindano yeye na Paskazia hutoka na matobolwa yao, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa. Ngosha hushindana. Mkewe hutangulia alfajiri, akamngoja juu ya jiwe na maji.

Tatizo ni Bwana Hapgood, ambaye mji mzima humwita Bwana Kengele. Ndiye Mwandishi wa Kamati ya Mashindano, na ndiye agawaye vibao vya baiskeli. Alikwisha kusema neno lake: muungwana hukaa, alalaye ni mgonjwa au mvivu. Ngosha akifika wa kwanza leo, atapewa kibao, aende nacho barabarani kama watu wengine. Asipofika wa kwanza, Jumatatu chombo kitakatwa kwa msumeno, na fundi atarudi kukaa nyumbani na mgongo wake.

Na sasa, akiwa mbele ya wote, amekamatwa na watu wema.

Paskazia aliteremka jiwe mbio.

Pale kitandani mambo yalikuwa yamezidi. Wanawake wametoka majumbani. Mbele yao alisimama Bibi Tereza, mama mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akiitazama miguu ya Ngosha. Ngosha huifunga kwa mikanda kwenye pedeli ili isiteleze.

"Hata wamemfunga!" Bibi Tereza alilia. "Tazameni jamani! Ndugu gani hawa? Wamemfunga mgonjwa juu ya chuma, wakamsukuma aende peke yake, wakarudi nyumbani kula ugali!"

Habari hizo zilikuwa zimewafikia kutoka Ilemela saa nzima kabla. Mchungaji mmoja wa mbuzi alimwona Ngosha akipita chali, akapiga ukelele kwenye mawe, na ukelele ukapokelewa jiwe kwa jiwe: kuna mgonjwa anakuja, hana hata mtu mmoja wa kumfuata. Na Kiseke wana desturi yao. Mgonjwa akipita, kila kijiji humbeba hadi mpakani, kijiji cha pili humpokea, hata afike kwa mganga. Hawaulizi ni nani. Hawaulizi anatoka wapi. Kazi zote husimama.

"Shikamoo, mayu," Paskazia alisema akihema, akapiga goti kama mbele ya mama yake.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

Bibi Tereza akamtazama toka kichwani hadi vidoleni.

"Afadhali mmoja ametokea," akasema. Kisha akaona vumbi miguuni mwa Paskazia na kibuyu mkononi, uso wake ukalegea. "Umetembea tangu alfajiri?"

"Tangu alfajiri, mayu. Lakini mume wangu si mgonjwa. Anashindana."

"Eee, mwanangu." Bibi Tereza akamshika bega. "Hata mimi nilisema hivyo juu ya marehemu. Nilisema ni mzima mpaka siku ya tatu baada ya mazishi. Kaa hapa, unywe uji. Nakwenda kumletea shuka, jua litamuua."

Akaingia nyumbani.

Hapo ndipo kengele ya baiskeli ilipolia. Kling! Kling! Chenge!

Karani Chenge wa Kamati, kofia nyeupe kichwani, amekaa wima kama mshumaa wa kanisani. Yeye alikuwa wa pili. Ndiye aliyeandika kwa mkono wake Kanuni ya Kumi na Nne: mshindani asiguse ardhi kwa mguu tangu mstari wa mwanzo hadi mstari wa mwisho. Iliandikwa kwa ajili ya Ngosha, kwa kudhani kwamba mtu wa mgongo mbovu lazima atashuka apumzike.

Chenge hakushuka. Alikizunguka kitanda polepole, mara moja, mara mbili, akitazama kama mtu aliyeokota yai barabarani.

"Bwana karani," mzee Shimba aliita, "wewe mtu wa mjini. Unamfahamu huyu?"

"Namfahamu sana."

"Ni mgonjwa?"

"Chenge!" Ngosha alinguruma. "Sema kweli, Chenge!"

Chenge akavua kofia, akaiweka kifuani. "Mahututi," alisema. "Mshikeni vizuri. Asiinuke."

Akaondoka akipiga mluzi.

Bibi Tereza akatoka na shuka, akilikung'uta. Lilikuwa la marehemu mumewe, lilikaa sandukuni pamoja na kopo lake la ugoro, na kila alipolikung'uta watu wa karibu walifikicha pua.

"Nani amepita?" aliuliza.

"Karani Chenge, mayu," Paskazia alijibu.

"Mkwe wangu!" Akashika mdomo. "Heri sikuwapo nje. Tungeaibishana." Kwa maana Chenge alimwoa binti yake mwezi wa tatu, na mtu na mama mkwe wake hawakutani njiani. Mmoja lazima apishe, na apisheye ni mkwe.

Paskazia aliisikia habari hiyo, akaiweka moyoni. Kisha akamtazama mumewe, aliyekuwa amefunikwa hadi kidevuni na ananyweshwa uji wa ulezi na wanawake wawili kwa zamu. Kila alipofungua kinywa kubisha, kijiko kiliingia.

Aliona jambo moja wazi. Mkatili unaweza kumbishia. Mtu mwema huwezi, kwa sababu kila unalosema yeye hukuhurumia zaidi. Chenge alikuwa amekwisha kupotea nyuma ya mawe. Kibao kilikuwa kinakwenda naye.

Akapiga goti mbele ya mzee Shimba.

"Mzee wangu, nisamehe. Mume wangu mgongo wake ni mbovu. Na dawa yake iko mjini, kwa Bwana Kengele, kiwanjani, penye mstari wa chokaa. Na yule karani akitangulia kufika, hakuna dawa tena."

Baadaye alihesabu maneno hayo vidoleni, asikute la uongo hata moja.

Mzee Shimba aliruka. "Mbona hukusema mapema, binti? Vijana! Begani!"

"Na baiskeli?" mmoja aliuliza.

"Ichukuliwe vilevile! Mtu hatenganishwi na mali yake. Miguu msiifungue, mtamtonesha."

Kitanda kikapanda juu, na juu ya kitanda baiskeli, na juu ya baiskeli Ngosha. Bibi Tereza akashika mbele kwa wimbo, wanawake wakaitikia, na Kiseke nzima ikateremka barabara mbio.

Wangapi katika sisi tungeacha jembe shambani kwa ajili ya mtu tusiyemjua? Palikuwa na mzee mmoja aliyekimbia kando ya kitanda, ameshika gurudumu la mbele kwa mkono ili lisizunguke likamkwaruza mgonjwa. Alikimbia hivyo mpaka mpakani, wala hakuna aliyemtuma. Mama mmoja alishika jani la mgomba juu ya uso wa Ngosha, naye alikuwa na mtoto mgongoni.

"Mke wangu," Ngosha alinong'ona kutoka juu, "hivi tunashindana au ninazikwa?"

"Nyamaza, mgonjwa."

"Nina haya, Paskazia. Watu hawa wanatoka jasho kwa ajili yangu."

"Utawatengenezea baiskeli zao maisha yako yote. Lakini kwanza upate kibao. Lala."

Mpakani mwa Pasiansi vijana wengine walikuwa wanangoja, mabega yamepakwa mafuta. Kitanda hakikugusa chini. Kilipita kutoka bega hadi bega, na hawa wapya walikuwa na nguvu kuliko wa kwanza. Wa Kiseke wangeweza kurudi, lakini Bibi Tereza alikataa.

"Nimemwanza, nitammaliza," alisema, na wa Kiseke wote wakamfuata. Ngosha aliguna.

Na Chenge?

Chenge alikwisha kushinda, moyoni mwake. Kiwanjani palikuwa na mtu wa kupiga picha, na Chenge hakutaka kuingia kwenye picha na vumbi. Penye chemchemi chini ya Pasiansi alitazama nyuma, asione mtu. Alitazama mbele, asione mtu. Akashuka. Miguu yote miwili ardhini! Mwandishi wa Kanuni ya Kumi na Nne akaegemeza baiskeli kwenye jiwe, akatoa sabuni, tai na kioo kidogo mfukoni, akajipaka povu usoni.

Ndipo aliposikia wimbo.

Akageuka. Kitanda kinakuja mbio kama gari. Juu yake Ngosha. Na mbele yake, mikono juu, akiimba...

"Mama mkwe!" Chenge alisema kwa sauti ya mtu aliyekanyaga nyoka.

Akajitupa kwenye matete na povu lake.

Bibi Tereza aliiona baiskeli. Aliitambua, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemfumia mkwewe kitambaa cha tandiko. Akajifunika kichwa upesi, akageuza uso upande wa pili.

"Piteni haraka, wanangu," alisema kwa upole. "Mkwe wangu anaoga. Msimtie haya."

Wakapita haraka, kwa heshima, wote wametazama upande wa ziwa. Na Chenge ndani ya matete alibaki kula sabuni. Angefanya nini? Angewapita vipi? Barabara ni moja, na mbele yake anakwenda mama mkwe. Kila alipopanda baiskeli na kuwakaribia, aliuona mgongo wake, akarudi nyuma ya jiwe.

Mjini, kiwanjani, ilikuwa saa kumi kasorobo. Bendi ya tarumbeta ilikuwa tayari. Bwana Kengele alikaa chini ya mwavuli na wajumbe wanne wa Kamati, kengele yake mezani, kitabu cha vibao mbele yake. Kando, juani, alisimama Noorali kwa koti lake jeusi la siku kuu, akikunja na kukunjua leso.

"Noorali," Bwana Kengele alisema, "hii baiskeli ya kitanda atakuja?"

"Atakuja, Bwana. Fundi wangu hajawahi kuchelewa."

Vumbi likatokea. Bendi ikaanza kupiga. Kisha mpiga ngoma akaona vizuri zaidi, akaacha. Mwenye tarumbeta akaacha.

Kwa sababu ya vumbi la mjini Bibi Tereza alikuwa amelivuta lile shuka la marehemu mpaka juu, likafunika uso wote wa Ngosha. Na watu waliona nini? Waliona kitanda begani, mtu aliyefunikwa gubigubi, wanawake wanaimba, na mjane kijana anafuata nyuma na kibuyu.

Bwana Kengele akasimama. Akavua kofia. Wajumbe wanne wakavua kofia zao.

Paskazia alitaka kusema. Wabebaji hawakumngoja. Kitanda kilivuka mstari wa chokaa, kikatuliwa mbele ya meza.

"Ya Ali!" Noorali alipasua sauti, leso machoni. "Ni mimi! Mimi niliona picha ile, mimi nikasema tengeneza! Nimemuua fundi wangu!"

Hapo Paskazia hakuweza kuvumilia. Noorali alimlipia Ngosha dawa miezi minane, wala hakuwahi kuitaja. Akamkaribia, akamnong'oneza, "Usilie, baba. Anapumua."

Noorali akashusha leso. Akatazama shuka. Akatazama kitabu cha vibao kilichofunguliwa mezani. Alikuwa amefanya biashara kwa miaka thelathini.

Akalia mara mbili ya kwanza.

"Alitaka kibao tu!" alilia. "Kibao kidogo tu, Bwana! Amekufa bila kibao!"

Bwana Kengele alipenga kamasi. Na tusimwonee: machozi yake yalikuwa ya kweli. "Hii mtu alikuwa mtu mzuri," alisema. "Mimi alisema maneno mbaya juu ya baiskeli yake. Mimi nasikitika." Akawageukia wajumbe. "Mwingine amefika?"

"Hapana, Bwana. Huyu ndiye wa kwanza."

"Kanuni ya Kumi na Nne. Mguu yake aligusa chini?"

"Kugusa?" mzee Shimba alishangaa. "Bwana, miguu imefungwa tangu kwetu."

Wajumbe wakainamiana. Walifungua kanuni ukurasa kwa ukurasa. Kanuni zilikataza mshindani kukaa bila shati, kutema mate, na kusalimiana na jamaa njiani. Hakuna mahali zilipomkataza kubebwa. Hakuna mahali zilipomtaka awe hai.

"Basi ameshinda," mjumbe wa kwanza alisema.

"Na kibao hakitamsaidia kitu," alisema wa pili. "Kwa hiyo hakuna ubaya kumpa."

Akiwa hai walimnyima mwaka mzima. Walipomdhani maiti, walimpa kwa dakika tatu.

Bwana Kengele akachukua kibao cha bati, nambari 214, akakifunga kwa waya kwenye baiskeli, penye miguu ya Ngosha, kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakashangilia kwa huzuni.

"Si mzima... yaani, si maiti! Ni mzima huyo!"

Sauti ilitoka nyuma ya lori la pamba. Watu wakageuka, wasione mtu.

Bibi Tereza akanyoosha shingo. "Nani huyo anayepiga kelele penye msiba? Ajitokeze nimwone!"

Nyuma ya lori hakujitokeza mtu. Ila povu kidogo la sabuni lilionekana likidondoka kando ya gurudumu.

"Sasa kitabu," Bwana Kengele alisema akifuta macho. "Bila sahihi yangu, kibao ni bati tu."

Paskazia aliusogelea ukingo wa meza. Alikazia macho kalamu. Kalamu iliingia kwenye wino. Ikatoka. Ikaandika nambari. Ikaandika jina, Ngosha, fundi, Mirongo. Ikashuka kwenye mstari wa sahihi.

Ndipo alipoona kwa pembe ya jicho shuka likitikisika mahali palipo pua. Shuka la marehemu! Kopo la ugoro!

"Ngosha," aliomba moyoni, "mume wangu, nifie nusu dakika tu."

Kalamu iliandika H. Ikaandika a.

Shuka likapanda. Likashuka. Likapanda tena.

Ikaandika p.

"HAAAPSYAAA!"

Shuka lilipaa likamfunika mjumbe wa pili. Ngosha alikaa wima juu ya baiskeli yake, juu ya kitanda, uji wa ulezi kidevuni, macho yanatoka machozi. Mwenye tarumbeta akakimbia na tarumbeta yake. Mzee Shimba akatupa mikono juu.

"Dawa imeingia!" alipiga kelele kwa furaha ya kweli. "Tazameni, kibao kimefungwa tu naye ameinuka! Bwana Kengele ni mganga!"

"Mganga!" Kiseke nzima ikaitikia, na Pasiansi nzima nyuma yao. Wanawake wakapiga vigelegele, mama mmoja akasogea na mtoto wake mwenye kikohozi, mzee mwingine na goti lake.

Bwana Kengele hakusikia. Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya kitabu, nusu ya jina lake imeandikwa na nusu bado. Alimtazama Ngosha. Alimtazama Noorali, aliyejificha uso mzima ndani ya leso. Mwisho akamtazama Paskazia, na macho yake yalikuwa mekundu bado kwa machozi ya haki aliyoyatoa.

"Mama," alisema polepole. "Wewe ni mke yake. Wewe sema kweli. Nani aliniambia hii mtu amekufa?"

Paskazia akapiga goti kwenye chokaa, akafungua kinywa. Na kwenye ncha ya kalamu, juu ya jina lisilokwisha, tone kubwa la wino likaanza kuning'inia.

Itaendelea Jumamosi ijayo.